Kalenda ya kila asubuhi imegeuka wimbo. Niitumieje kufundisha hesabu darasa la kwanza na la pili?

Ticha wa Chini

Habari zenu walimu na wazazi wa humu ndani.

Nafundisha hisabati madarasa ya chini. Kila asubuhi tunaanza na kalenda ya ukutani: leo siku gani, jana ilikuwa siku gani, kesho itakuwa siku gani, tarehe ngapi. Wanaitikia kwa sauti moja, na mtu akipita dirishani atadhani kuna somo zito. Ukimsimamisha mmoja mmoja, wanaojua ni wale wale wachache wa mbele. Wengine wanafuata mdundo tu.

Nikaongeza rangi. Tarehe moja nyekundu, inayofuata bluu, nyekundu, bluu. Walichangamka mpaka walipoishika, kisha ikawa wimbo wa pili.

Naomba ushauri kwenye mambo matatu. Niweke mipangilio gani inayofikirisha, na nianze na upi? Nifanyeje darasa zima lishiriki ndani ya dakika kumi, maana zaidi ya hapo nakula muda wa somo lenyewe? Tatu, mkuu wa taaluma anataka kalenda hiyo hiyo itumike kufundishia makumi na mamoja. Hapo ndipo nasita.

Natanguliza shukrani.

Bi Chaki

Mwalimu, anza kwa kuficha. Kalenda iliyochapwa tarehe zote haina cha kufikiria, jibu liko ukutani. Chora jedwali tupu la safu wima saba, andika majina ya siku juu, halafu tengeneza kadi 31. Mbele ya kadi namba na umbo lililopakwa rangi, nyuma tupu. Zibandike zote zikiwa zimegeuzwa, na kila siku mnafunua ya leo. Swali linakuja KABLA ya kufunua: kadi hii ina namba gani, ina rangi au umbo gani, na umejuaje?

Hilo "umejuaje" ndilo somo. Mengine ni mapambo.

Kuhusu mpangilio, mwezi wa kwanza nenda na rangi mbili kama ulivyofanya. Mwezi unaofuata weka mduara, mraba, mraba, mduara, mraba, mraba. Hapo wengi watateleza, kwa sababu wamezoea kila kitu kinabadilika kila siku. Wakishazoea, nenda mduara, mraba, pembetatu.

Darasa la pili wape miwili kwa pamoja: rangi inakwenda kwa mbili (nyekundu, bluu), umbo linakwenda kwa tatu (mduara, mraba, pembetatu). Pembetatu ya bluu itatokea tarehe 6 kwa mara ya kwanza. Usiwaambie inayofuata ni lini. Waache wabishane. Itakuja 12, halafu 18, 24 na 30, na utakuwa umewafundisha kuhesabu kwa sita bila kuandika neno "kuzidisha" ubaoni.

Kushirikisha wote: swali moja tu kwa siku, wanong'onezane wawili wawili kwanza, ndipo wote waonyeshe jibu kwa vidole au kwenye vibao vyao kwa wakati mmoja. Usiruhusu mtu kupayuka. Wale wa mbele ndio wanaowazuia wenzao kufikiri.

Kapu la Maswali

Nafuatilia. Nina watoto nyumbani wanaosoma hivyo hivyo kwa wimbo.

Mzee wa Ubao

Mimi nitakuwa mpinzani humu, mnisamehe.

Kalenda inasifiwa kuliko inavyostahili. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kuhusu hisabati ya watoto wadogo, na msimamo wake ulikuwa kwamba kalenda si chombo kizuri cha kujengea misingi ya hesabu. Sababu mojawapo ni rahisi sana: kalenda imepangwa kwa saba, na namba zetu zimepangwa kwa kumi. Mtoto anayejifunza kwamba 10 ni mwanzo wa kundi jipya anaoneshwa kila asubuhi jedwali ambalo mstari unakatika kwenye 7, au kwenye 4, au popote mwezi ulipoamua kuanza. Mkuu wako wa taaluma akitaka makumi yaonekane kwenye jedwali hilo, hayataonekana.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, Sallee Beneke, Michaelene Ostrosky na Lilian Katz waliandika kwamba watoto wadogo bado hawashiki umbali wa muda. Kumuuliza mtoto wa chekechea zimebaki siku ngapi mpaka jambo la wiki tatu zijazo ni kumsumbua bure. Wa darasa la kwanza ana nafuu, lakini si kubwa.

Makumi yafundishie vijiti. Kila siku ya shule mtoto mmoja anaongeza kijiti kwenye mkebe wa mamoja. Vikifika kumi vinafungwa kwa raba na kuhamia mkebe wa makumi. Siku ya 100 mafungu kumi yanafungwa pamoja. Hesabu hiyo haijui mwezi wala wiki, na ndiyo maana inafaa.

Ticha wa Chini

Asante Bi Chaki, kadi naanza kukata. Mzee wa Ubao, umenipa cha kumjibu mkuu wa taaluma. Lakini kalenda siwezi kuiondoa, imo kwenye ratiba ya shule. Kwa hiyo nikihamishia makumi kwenye vijiti, kalenda yenyewe ibaki na kazi gani zaidi ya rangi?

Mshazari

Ibaki na saba yake. Mzee kasema kweli kuhusu kumi, ila saba nayo ina utamu wake.

Mwambie mtoto aweke kidole kwenye 8 kisha ashuke mstari mmoja. Kafika 15. Kutoka 5 akishuka, 12. Kila kushuka ni kuongeza saba. Sasa funika 15 kwa karatasi, muulize iliyo chini ya 8 ni ipi. Asiyejua atahesabu vidole tisa, kumi, kumi na moja... Anayeanza kuelewa atachukua 2 kukamilisha kumi, zinabaki 5, kumi na tano. Hiyo ni mbinu ya kukamilisha kumi, na inatumika hapa kwa sababu kalenda inakatika mahali pabaya. Hapo ndipo namjibu Mzee: jedwali halimfundishi mtoto makumi, lakini linamlazimisha kuyavuka.

Kwa darasa la pili, shuka kwa mshazari. Kushuka kuelekea kulia unaongeza 8, kuelekea kushoto unaongeza 6. Waulize kwa nini. Jibu zuri la mtoto litakuwa "nimeshuka saba halafu nikasogea moja".

Kisha hili, ambalo hata watu wazima hulipenda. Chagua mraba wa namba nne, kwa mfano 8, 9 juu na 15, 16 chini. Jumlisha kwa pembe: 8 na 16 ni 24, 9 na 15 ni 24. Wajaribu mraba wowote, mwezi wowote, haukosei. Usikimbilie kueleza. Kuna atakayesema 9 imezidi 8 kwa moja, na 15 imepungua 16 kwa moja, basi zinafidiana. Akisema hivyo mpe chaki afundishe yeye.

Mraba wa namba tisa ni wa kwako mwalimu, wa kuwashangaza. Chukua 9, 10, 11, chini yake 16, 17, 18, chini tena 23, 24, 25. Jumla ni 153, yaani mara tisa ya ile ya katikati, 17. Wao wanachagua mraba, wewe unaangalia katikati tu na kutaja jumla. Darasa la kwanza usiwapelekee hilo, watabaki na mazingaombwe bila hesabu.

Mzee wa Ubao

Hoja ya kuvuka kumi naipokea. Lakini iwe swali moja kwa siku kama alivyosema Bi Chaki, siyo maonyesho ya nusu saa.

Mama Pacha

Samahani, mimi ni mzazi tu. Wangu walinishangaza mwezi ulipoisha: waliamini kwamba mwezi ukiisha siku zinakatika, halafu zinaanza upya. Zile nafasi tupu kabla ya tarehe moja wanadhani ni siku ambazo hazina namba. Nilishindwa kueleza nikaacha.

Bi Chaki

Mama Pacha, wala si "mzazi tu", hilo ndilo tatizo ambalo walimu wengi hawalioni kabisa.

Chukueni kalenda ya zamani na mkasi. Kateni mwezi mistari mistari, kila wiki mstari wake, na mwezi unaofuata vilevile. Sasa chukueni mstari wa mwisho wa mwezi wa kwanza na mstari wa kwanza wa mwezi wa pili, vipande viwili vyenye mapengo. Viwekeni pamoja. Vinaingiliana bila kubaki nafasi, na wiki inakuwa moja yenye siku saba kamili. Mtoto akishaviunganisha kwa mikono yake, hahitaji maelezo.

Mwalimu, kwa darasani bandika utepe mrefu wa karatasi kuzunguka ukuta, kila siku kisanduku kimoja, bila kukatika mwezi kwa mwezi. Jedwali na utepe vikae karibu ili waone ni siku zile zile.

Na mwenye kalenda inayoanza Jumatatu akipata nafasi aifungue Februari 2027. Inaanza Jumatatu tarehe 1 na kuisha Jumapili tarehe 28, mistari minne kamili bila tundu hata moja. Waulize Machi itaanza siku gani kabla hawajafungua ukurasa. Kisha waulize kwa nini miezi mingine haifanyi hivyo. Mwezi wa siku 30 ni wiki nne na siku mbili juu, wa 31 una tatu juu, ndiyo maana siku tatu za wiki hujirudia mara tano. Darasa la pili wanaiweza hiyo.

Kapu la Maswali

Swali la pembeni: Jumatatu mnafanyaje? Wikendi hawapo, kadi hazijafunuliwa.

Mshazari

Ndiyo siku bora ya wiki. "Tulifunua mara ya mwisho Ijumaa tarehe 12, leo tufunue kadi ngapi?" Wengine watasema moja, wengine mbili, na sahihi ni tatu, yaani 13, 14 na 15. Usiwahi kuzifunua mwenyewe kabla hawajaingia. Baada ya likizo ni tamu zaidi.

Ticha wa Chini

Narudi na mrejesho. Kadi zinafanya kazi, na kunong'onezana wawili wawili kumeamsha hata wale wa nyuma. Vijiti navyo vimeanza, mkuu wa taaluma ameridhika.

Sasa nina kisa. Kwenye mpangilio wa rangi mbili, mtoto mmoja alisema tarehe 19 itakuwa nyekundu "kwa sababu 9 ni nyekundu". Ikawa kweli. Darasa zima likaichukua kama kanuni: angalia namba ya mwisho. Tulipohamia mduara, mraba, pembetatu, kanuni ikawagomea. 9 ni pembetatu, 19 ikatoka mduara. Wakasema nimekosea kupanga kadi! Nimeahidi tutazungumza kesho. Niwaambie nini?

Mshazari

Usiwaambie. Huyo mtoto kagundua kitu kikubwa na wenzake wamemsaidia kukivunja, darasa gani linapata bahati hiyo?

Kutoka 9 kwenda 19 ni hatua kumi. Hatua mbili mbili zinaingia kwenye kumi bila kubaki, kwa hiyo unaangukia rangi ile ile. Hatua tatu tatu, inabaki moja, kwa hiyo unasogea umbo moja mbele. Wape vijiti kumi, wavipange viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Halafu waulize: basi kutoka 9 turuke ngapi ili turudi kwenye pembetatu?

Ukimaliza, warudishe nyuma kidogo watazame jedwali zima la rangi mbili kwa mbali. Nyekundu na bluu zimepishana kila upande kama ubao wa drafti, kwa sababu saba ni witiri, hivyo kushuka mstari kunabadilisha rangi. Jedwali la maumbo matatu lina michirizi: pembetatu zote zinateremka kwa mshazari kuelekea kushoto. Kushuka kushoto ni kuongeza ngapi? Sita. Na sita ni tatu mara mbili. Wakishaona mchirizi, wape penseli za rangi waufuate wenyewe kwenye madaftari yao.

Mzee wa Ubao

Mimi niliyeanza kwa kupinga nataka kuongeza moja. Mwezi ujao weka mpangilio wa maumbo saba tofauti, yanajirudia kwa saba, na usimwambie mtu yeyote. Wiki ya kwanza watalalamika kwamba hakuna mpangilio. Kadi ya nane ikifunuliwa chini ya ya kwanza na umbo ni lile lile, nyamaza, kaa kwenye kiti, sikiliza watakachosema.

Ticha wa Chini

Mzee, nakata kadi usiku huu. Umbo la saba nichore nini? Nimeishiwa: mduara, mraba, pembetatu, mstatili, nyota, moyo...

Bi Chaki

Chora mwezi mchanga. Na zikatie karatasi ngumu, la sivyo utazikata tena muhula ujao.