Siku nne Dordogne, twende wapi?

Habari wakuu, mwezi wa 9 mimi na waifu tunatoka Paris kwenda mashambani huko Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa, hatutaki mambo ya mjini kabisa. Lascaux, lile pango la michoro ya kale, inaingilika kweli? Na bila gari tutatoboa?

Jibu 1: Mkuu kodisha gari, mabasi huko ni ya kubahatisha. Lascaux yenyewe iligunduliwa 1940 ikafungwa 1963 maana pumzi za watu zilikuwa zinaharibu michoro, sasa hivi mnaingia Lascaux IV pale Montignac, ni nakala ila imetengenezwa mpaka unasahau. Mkitaka michoro orijino nendeni pango la Font-de-Gaume, wanaingiza watu wachache kwa siku so bukini mapema.

Jibu 2: Naongezea Padirac, mnasogea kidogo mpaka mkoa jirani wa Lot. Ni shimo la mita 75 mnashuka halafu mnapanda boti kwenye mto chini ya ardhi, mimi muoga wa giza lakini nilinyamaza tu nikatoa macho 😂 bebeni sweta, kule chini baridi.

Jibu 3: Jumamosi msikose soko la Sarlat, ila wahini asubuhi, paking ni vita.

Muuliza swali: Shukrani wakuu, gari basi. Waifu kashagoma shimo lakini 😅