Kori 64 za klasta zinashindwa na laptopu yangu, nakosea wapi?

dagaa_mkavu: Wakuu habari zenu. Ndo naanza kujifunza simulesheni za mtiririko wa hewa kwa OpenFOAM (programu ya kupiga hesabu za mtiririko), kazi yenyewe ni kikaushio cha dagaa cha jua, nataka kujua hewa ya moto inapitaje kwenye trei maana za chini zinawahi kukauka za juu zinabaki mbichi. Meshi yangu (nafasi ya kikaushio iliyokatwa vipande vidogo, yaani seli) ina seli kama 400,000, natumia simpleFoam, mojawapo ya programu za OpenFOAM za kupiga hesabu. Kwenye laptopu ilikuwa inajikokota, sasa nimepewa akaunti ya klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) nikafurahi kweli, nikaomba kori 64 (vichakataji) kwa Slurm, ile programu inayogawa kazi kwenye klasta, nikaandika `mpirun -np 64 simpleFoam` nikaenda kulala. Asubuhi nakuta iko nyuma hata ya laptopu na hakuna eror yoyote!! Wiki nzima nahangaika na hili, msaada jamani.

nodi_ya_pili: Pole sana. Hebu fungua log, angalia mistari ya juu kabisa palipoandikwa nProcs (idadi ya kori zinazoshirikiana kazi), inasema ngapi?

dagaa_mkavu: nProcs : 1, halafu hiyo hedi yote imejirudia mara nyingi tu nikajua ni kawaida

nodi_ya_pili: Basi tatizo ndo hilo. Hujaweka `-parallel`, ile inayoambia kori zigawane kazi moja, kwa hiyo umewasha simpleFoam 64, kila moja inapiga hesabu nzima peke yake na zote zinaandika kwenye folda moja zinafutiana. Ni kosa baya kwa sababu halipigi kelele. Fanya hivi, kwenye decomposeParDict (faili la maelekezo ya kukata meshi) weka numberOfSubdomains (idadi ya vipande) na method scotch (njia ya kukata), piga `decomposePar`, utaona folda processor0, processor1 na kuendelea, kisha `mpirun -np 16 simpleFoam -parallel`, ikiisha `reconstructPar` kuunganisha vipande. Namba ya -np lazima ilingane na vipande ulivyokata, na hayo yote yaweke kwenye skripti ya sbatch (ya kutuma kazi kwa Slurm), usiendeshe kwenye nodi ya kuingilia (kompyuta mnayoingilia klasta) maana mko wengi pale.

mama_turbulensi: Na 64 usirudie mwanangu. 400,000 gawa kwa 64 ni seli 6,250 kwa kori, hapo kori zinatumia muda mwingi kupeana habari za mipakani kuliko kupiga hesabu. Kwa 16 kila moja inapata 25,000, hapo inaeleweka. Jaribu 4, 8, 16, 32, kila mara hatua 100 tu, andika muda, utaona mwenyewe inapogoma.

Ila kuna jambo linanisumbua zaidi ya hizo kori. simpleFoam haihesabu joto kabisa! Hewa ya moto kupanda kwa wepesi wake huwezi kuiona humo hata upewe kori elfu, na kwenye kikaushio chako hiyo ndo habari yote. Hamia buoyantSimpleFoam, inayohesabu joto na huko kupanda, na uanze na meshi ndogo kwenye laptopu mpaka ikae sawa.

dagaa_mkavu: Asante sana mama, asante mkuu. Nimepima, 8 kwenda 16 muda umepungua karibu nusu, 32 haijaongeza kitu cha maana, nabaki na 16. Hilo la joto sikulijua kabisa, leo naanza upya na buoyantSimpleFoam, trei mbili tu kwanza.

mama_turbulensi: Vizuri. Usisahau kuweka mwelekeo wa g (mvutano wa dunia) kwenye faili lake, uangalie kama ni y au z ndo juu kwenye meshi yako.