Naomba ushauri: baruti ipi inafaa risasi ya .45-70 kwenye bunduki ya zamani?

Wakuu, habari za muda huu. Niko Marekani, ambako kujijazia risasi nyumbani ni jambo la kawaida. Nina Springfield Trapdoor, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, ile modeli ya 1873, na bado iko imara. Ganda la .45-70 lilitengenezewa greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Nikilijaza FFg, daraja mojawapo la chembe za baruti nyeusi, mpaka kichwa cha risasi kiibane kidogo, inapiga safi. Kazi iko kwenye kusafisha: masizi yake yanavuta unyevu, usipoosha mtutu kwa maji ya moto mapema, unakuta kutu. Mke wangu ameshachoka na harufu ya mayai viza.

Nawaza kuhamia baruti isiyo na moshi. Vitabu vya vipimo vina kurasa za Trapdoor peke yake, na hizo ndizo nitakazofuata. Chuma cha zamani hakitaki presha kubwa. Ila kipimo kidogo kinaacha ganda na nafasi tupu, baruti inalala upande mmoja, kasi inayumba. Kati ya Accurate 5744 na IMR 4198, zote baruti zisizo na moshi, ipi inavumilia hali hiyo? Na kuna anayeweka kijazio juu ya baruti kuziba nafasi hiyo, au ni kujitafutia balaa? Pyrodex, ile mbadala wa baruti nyeusi, msinitajie, nayo inakula chuma vilevile.