ATI RANGI IMEKUBALI, UKUTA NDIO UMEKATAA!!!

BiNyumba_Mtopanga: Jamani nimetoka kwenye nyumba saa hii na bado natetemeka. Mnamjua ninayemsema, yule yule wa kikofia chekundu anayeshinda pale steji akijiita fundi wa kila kitu. Mpangaji kahama, chumba na sebule, kodi elfu 8, nikasema wacha nipige rangi kabla hajaingia mwengine. Nikamuuliza, huu ukuta kwa chini watema chumvi, ukiugusa wamwaga unga kama wa maandazi, tusibomoe hiyo plasta mpaka kwenye jiwe tupige upya? Akacheka. Ati mama utamaliza pesa bure, nipe ya ndoo moja ya rangi ya maji, kazi ya siku moja hii. Ndoo elfu 6, yeye elfu 4, chai, soda, na nauli ya msaidizi ambaye wallahi sijamuona kwa macho yangu.

Wiki 3 tu. Leo mpangaji mpya kaja na dipoziti mkononi, mkononi nasema, noti naziona, kaegemea ukuta kidogo, kuinuka shati jeusi mgongo mzima mweupe na rangi yaning'inia nyuma kama ganda la kitunguu. Fundi kaitwa, kaja, katazama, kakuna kichwa, kanambia mbele ya mtu: "Mama, rangi imekubali, ukuta ndio umekataa."

UMEKATAA. Kwani tuliupelekea posa?? Na plasta hiyo kaipiga yeye mwaka jana, mchanga kauzoa ufuoni ati tuokoe pesa ya lori!

KijanaWaTudor: 😂😂😂 Umekataa kwa sababu mahari ilikuwa elfu 4

Abu_Swafi: Yule! Kwangu alitia paipu za chuma na maji ni ya kisima, ya chumvi. Zikaoza. Kumuuliza, "maji ndio makali." Yeye hakosi hata siku moja.

BarobaroLikoni: Na wewe shangazi, mchanga wa bahari uliuona ukanyamaza. Chumvi haifichwi na rangi, ungekwangua, ukauacha ukuta ukauke, ukanunua mchanga wa mtoni. Ubahili wako na ujanja wake vimeoana.

BiNyumba_Mtopanga: Si ubahili ni bajeti! Kwa kodi ya elfu 8 nikimwaga elfu 40 zitarudi lini? Halafu ati UMEKATAA. Mbele ya mtu.

FundiHalali: Wenye nyumba mbona hamsemi mnavyotunyima pesa za ufundi? Kuna mmoja Changamwe namdai tangu Ramadhani, kila siku "njoo Jumatatu".

Mpangaji_Majengo: Wote sawa hao. Sinki langu lavuja naambiwa tega ndoo.

BarobaroLikoni: Ndoo afadhali. Mimi nimevusha feri katoni 9 za tailsi kwa mkokoteni, kwenye ule mteremko 2 zikawa ugoro.

KijanaWaTudor: Rangi gani? Hivyo vipande usitupe, nataka kubandika jikoni

BiNyumba_Mtopanga: Jamani uzi ni wa FUNDI

BarobaroLikoni: Za kahawia. Njoo inboksi