Ushauri: sodo za kufuliwa 160 kwa siku moja, vijana wa kanisa Kisumu

Binti_Nyalenda: Bwana asifiwe wadau. Vijana wa kanisa letu tuko 30, tunataka Jumamosi moja tushone sodo za kufuliwa za wasichana 40, kila mmoja nne. Cherehani ni tano, za miguu. Kitambaa kiasi gani, na tutamaliza kweli?

Fundi_Kibuye: Sodo 160 kwa cherehani tano ni 32 kila moja. Aliyezoea hula dakika 10 kwa sodo, yaani saa tano na ushei bila kuinua kichwa. Mkianza kukata asubuhi hiyohiyo, mmeshachelewa. Kateni wiki moja mbele.

Kipande cha sodo moja ni sm 28 kwa 22. Flaneli ya upana wa sm 150 hutoa 18 kwa mita, kwa hiyo mita 9, ila ikifuliwa husinyaa. Nunueni 10, mfue KABLA ya kukata. PUL (kile kitambaa chenye utando wa plastiki upande mmoja) mita 9. Kiini (sehemu ya katikati inayonyonya) ni vipande viwili vya taulo vilivyopandanishwa, kila kimoja sm 22 kwa 7. Taulo la sm 70 kwa 140 hutoa vipande 60, basi taulo sita. Za mitumba zinafaa, bora manyoya hayajaisha.

mama_sindano: Balaa liko kwenye PUL. Kiini kishonewe kwenye flaneli peke yake. Sindano ikipita katikati ya PUL, kila tundu litavuja. Inua kipande dirishani utaona mwanga. Hata pini msitumie, tumieni vibanio vya kuanikia nguo. Uzi wa poliesta, maana wa pamba hunyonya na kutoa unyevu ukingoni.

Upande wa PUL unaong'aa utazame nje wakati wa kushona, ukigeuza uingie ndani. Hunata kwenye mguu wa cherehani, kwa hiyo flaneli iwe juu. Acheni mwanya wa sm 6 wa kugeuzia. Wasiojua kushona wachore kwa chaki, wageuze, wabonyeze vishikizo vya mabawa (yale masikio ya pembeni yanayofunga sodo kwenye chupi). Wavulana pia, haya ya nini?

Binti_Nyalenda: Na maelezo ya kuwapa wasichana?

Fundi_Kibuye: Waloweke kwa maji baridi, ya moto hugandisha doa. Wasitie dawa ya kulainisha nguo, sodo itakataa kunyonya. Na waanike juani. Wengi huficha chini ya godoro, ikabaki mbichi na kuota ukungu. Wapeni kipande cha leso cha kufunikia kambani.

mama_sindano: Na chupi mbili kila mmoja. Bila chupi inayobana, mabawa hayana pa kushika.

Binti_Nyalenda: Uwii, chupi hatukuziweka kwenye bajeti kabisa.

mama_sindano: Ziwekeni kabla ya flaneli. Na ziwe mpya.