Kuweka vyakula vya baharini kwenye menyu: faida au hasara?

Swali: Mgahawa wetu unauza nyama na kuku tu. Wateja wanaulizia samaki, ila naogopa kuharibika. Tuanzie wapi?

Jibu 1: Anzeni na kamba na ngisi waliogandishwa. Mnayeyusha kwenye friji usiku kucha kiasi cha siku moja tu, kwa hiyo hasara ni ndogo. Faida kubwa ni kasi: kamba huiva kwa dakika 2 hadi 3, mteja hasubiri. Ngisi ama dakika 2 kwenye moto mkali, ama zaidi ya 40 taratibu. Katikati ya hapo anakuwa mgumu kama mpira.

Jibu 2: Samaki mbichi akae kwenye barafu, nyuzi 0 hadi 2, chombo kiwe na matundu chini. Akilowa kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, nyama inalegea na harufu inaanza. Vichwa na mifupa msitupe! Toeni matamvua, chemsheni dakika 20 hadi 30 mpate supu nzuri. Mkizidisha inaingia uchungu.

Jibu 3: Msisahau mzio, jamani. Kamba na kaa wawe na mafuta yao peke yao. Chipsi zikikaangwa humo, mteja mwenye mzio anaweza kuishia hospitali.