Ushauri: Nakwenda Mumbai, natafuta santuri za kale Chor Bazaar

Mjukuu wa Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi ujao, inshaallah, nitamsindikiza baba Mumbai kwa matibabu, na kwa kuwa ratiba ya madaktari inaniachia siku kadhaa nisizokuwa na kazi, nimekusudia kuzitumia kutafuta kitu ninachokitamani tangu utotoni. Nyumbani kwa bibi yangu, Mkunazini, Unguja, kulikuwa na gramafoni na santuri saba, na mojawapo ilikuwa ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane, niliitoa katika mfuko wake wa karatasi ili niitazame, ikaniponyoka, ikapasuka vipande vitatu sakafuni. Bibi hakunipiga wala hakunifokea. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga katika kanga, akavirudisha kabatini. Sasa bibi ametangulia mbele ya haki, gramafoni iliuzwa zamani, na katika mirathi mimi niliomba ile kanga tu.

Nimesoma kwamba Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao, na nimesikia kwamba katika mji huo huo kuna soko la vitu vya zamani, Chor Bazaar, ambako santuri huuzwa kwa marundo. Naomba waliofika wanieleze niende siku gani, nitaitambuaje santuri nzima na mbovu, bei hupatanwa vipi, na kama sheria za India zinaniruhusu kutoka nazo. Nikijaaliwa ningependa pia kupata gramafoni, na mfuko ukiruhusu, kasha la njumu kama lile lililokuwa chumbani kwa bibi.

Msafiri wa Kariakoo

Pole kwa kuuguliwa na mzee, Mwenyezi Mungu amjaalie afya njema. Mimi hufika Mumbai kwa biashara ya vitambaa na Chor Bazaar nimeizunguka mara nyingi. Soko liko upande wa Bhendi Bazaar, karibu na barabara ya Mohammed Ali, na kituo cha treni cha kushukia ni Grant Road. Mtaa unaokuhusu wewe ni Mutton Street, kwa sababu mitaa ya jirani imejaa vipuri vya magari na unaweza kupoteza nusu siku humo bila kuona santuri hata moja.

Maduka ya Mutton Street hufunguliwa mnamo saa tano asubuhi na hufungwa Ijumaa. Hata hivyo Ijumaa hiyo hiyo kuna gulio la barabarani, linaloanza kabla ya jua kuchomoza, watu wakimulika bidhaa kwa tochi, na wenye maduka wenyewe huja hapo kununua vitu ambavyo Jumamosi watavipanga katika vioo vyao kwa bei nyingine. Kwa hiyo ukiweza kuamka, sali alfajiri uende moja kwa moja. Kabla ya hapo pita madukani siku ya kawaida, ili uzoee macho na ujue bei za juu zinafika wapi.

Kuhusu kupatana, usiulize kwanza bei ya kitu unachokitaka. Uliza bei ya vitu viwili au vitatu usivyokuwa na haja navyo, kisha chako ukiulize kwa kupita njia. Ukisikia wakitaja hazar, hiyo ni elfu, na lakh ndiyo laki yetu. Chukua fedha taslimu katika noti ndogo ndogo, na uziweke mfuko wa mbele.

Kabati la Kibokoni

Ndugu Mjukuu, nimekusanya santuri za gramafoni, zile za mizunguko 78 kwa dakika, kwa miaka 26 hapa Mombasa, na naomba radhi kwa kukupunguzia matumaini mapema. Ni kweli kwamba Siti binti Saad na kundi lake waliitwa Bombay mwezi wa Machi 1928, wakarekodiwa na kampuni yenye nembo ya mbwa anayesikiliza honi, yaani HMV. Lakini nyimbo zilirekodiwa kule ili ziuzwe huku. Mnunuzi wa nyimbo za Kiswahili alikuwa Unguja, Mombasa, Tanga na Lamu, kwa hiyo santuri zilipakiwa merikebuni zikamfuata. Nimekwenda Mutton Street mara tano na sijaona hata moja. Zote nilizo nazo nilizipata katika nyumba za watu Mombasa na Lamu, isipokuwa moja niliyopewa na familia ya Kizanzibari iliyohamia Maskati baada ya 1964.

Sisemi usiende. Nenda, kwa sababu pale utajifunza kuzitambua santuri kwa mikono yako, kwa gharama ndogo, na huo ujuzi utakufaa siku utakapoingia chumba cha mtu huko Unguja, mtaa wa Ng'ambo au Malindi, na kuoneshwa sanduku lililokaa uvunguni miaka 50. Utakachokikuta Mumbai kwa wingi ni nyimbo za filamu za Kihindi, ghazali (mashairi ya mapenzi yanayoimbwa) na kawali (nyimbo za Kisufi). Wala usidhani kila santuri ya mizunguko 78 ni ya zamani sana, maana India iliendelea kuzitengeneza hadi miaka ya 1960, wakati Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kuziacha.

Ukiishika, ishike kwa kingo na uitazame kwa mwanga wa ubavuni. Mifereji myeusi inayong'aa ni dalili njema. Ukiona ukungu wa kijivu, hasa sehemu ambayo wimbo huwa na sauti kubwa, ujue sindano za chuma zimekwisha kuila, na hakuna dawa. Kisha ingiza kidole katika tundu la katikati, uiache ining'inie, uigonge ukingoni kwa ukucha, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla hajakilipia. Ikilia vizuri ni nzima. Ikitoa sauti ya kufa, ina ufa, hata kama macho hayauoni.

Santuri hizi si za plastiki kama zile zilizofuata baadaye. Zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo kwenye matawi ya miti ya huko huko India, na ni utomvu huo uliotumika katika lakiri ya kufungia barua. Ndiyo maana yako ilipasuka kama sahani. Ndiyo maana pia hupaswi kamwe kuisafisha kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha sheleki na wimbo ukaondoka na uchafu. Tumia kitambaa laini na maji kidogo yenye tone la sabuni, usiilowanishe karatasi ya katikati, kisha uianike kivulini.

Katika safari zipange zikiwa zimesimama, zimebanana, katikati ya maboksi magumu, na usizitenge na mwili wako. Moja ina uzito wa gramu 200 na ushee, kwa hiyo kumi tu zinakaribia theluthi ya mzigo wa mkononi unaoruhusiwa na mashirika mengi ya ndege.

Jambo la mwisho. Kabla hujaondoka, ifungue ile kanga. Juu ya karatasi ya katikati kuna namba, na nyingine imegandamizwa katika ile sehemu laini inayoizunguka. Ziandike zote mbili. Bila namba unatafuta jina tu, na Siti alirekodi nyimbo nyingi.

Mama Tausi, Tanga

Mwanangu, kuhusu gramafoni naomba unisikilize, kwa sababu mimi yamenifika. Nilikwenda Mumbai kwa matibabu kama mzee wako, na siku ya mwisho nikamnunulia marehemu mume wangu gramafoni yenye honi kubwa ya shaba, iliyong'aa mpaka nikajiona uso. Muuzaji, ambaye sitamtaja wala duka lake, aliniambia ni ya mwaka 1910 na ilitoka nyumba ya mwanamfalme. Alianza rupia 18,000, tukaishia 7,000, na nilitoka mle nikiwa na furaha isiyo kifani.

Fundi wa Tanga alipoifungua, ndani ya sanduku kulinuka kiwi cha viatu. Ubao ulikuwa mpya kabisa, umepakwa kiwi ili uonekane mzee, na mashine ilikuwa imeng'olewa katika gramafoni ndogo ya mkononi. Ile nembo ya mbwa ilikuwa imeshikizwa kwa skrubu mbili mpya ambazo hazijashika hata weusi. Mume wangu aliipenda hivyo hivyo kwa kuwa niliileta mimi, lakini haikumaliza wimbo mmoja bila kuzubaa, na jambo hilo liliniuma.

Kwa hiyo usinunue honi. Usiipandishie mashine thamani kwa sababu ya kung'aa. Piga magoti, angalia chini ya sanduku na nyuma ya skrubu.

Kabati la Kibokoni

Mama Tausi amesema kweli tupu. Nyongeza yangu ni moja: tafuta ya mkononi, ile inayofungwa kama begi dogo jeusi. HMV 102, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1931, ni mashine imara sana, na kwa kuwa haina honi ya nje haiwavutii watalii, hivyo waghushi hawahangaiki nayo.

Mtaratibu

Mimi ni mtu wa sheria na nitajibu swali lililosahauliwa. India ina sheria ya mwaka 1972 ya vitu vya kale na hazina za sanaa, ambayo inahesabu kuwa cha kale kitu chochote cha kazi ya mikono au sanaa kilichotimiza miaka 100, na kwa maandiko ya mkono yenye thamani ya kihistoria miaka 75. Mtu binafsi haruhusiwi kukitoa kitu cha namna hiyo nje ya nchi. Penye shaka, ofisi ya mambo ya kale ya India hutoa cheti kwamba kitu fulani si cha kale, nacho huchukua muda, kwa hiyo usikifuate siku ya kuruka.

Santuri ya 1928 inatimiza miaka 100 mwaka 2028, na za miaka ya 1940 na 1950 hazina tatizo hilo. Kasha ndilo litakalokuingiza matatani. Muuzaji akikwambia kasha lina miaka 150, ama amesema kweli na huruhusiwi kulitoa, ama amesema uongo na unalipa bei ya kale kwa mbao za juzi. Makasha mengi ya pwani yetu yalitoka Bombay na Surat zamani hizo, na yamo bado Unguja na Lamu. Nunua la kwetu, ulitunze kwetu.

Na chochote chenye pembe ya ndovu, hata kijaluba chenye kipande cha ukubwa wa kucha, kiache pale pale mezani. Biashara yake ni marufuku India na utakamatwa nacho huko au huku.

Mjukuu wa Mkunazini

Nawashukuru nyote, na Mama Tausi nakuombea marehemu mzee. Jana usiku niliifungua kanga kwa mara ya kwanza tangu bibi afariki. Karatasi ya katikati imepasuka pamoja na santuri na nusu ya maandishi haipo, lakini kwa kumulika tochi kwa ubavu, kama alivyoelekeza Kabati, nimeziona tarakimu tatu za ile namba iliyogandamizwa. Zilizobaki zilikatika pamoja na ufa. Kasha nimeliondoa katika orodha. Kipande kimoja nitasafiri nacho.

Mjukuu wa Mkunazini (baada ya wiki saba)

Ndugu zangu, tumerudi salama na baba anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Niliwahi gulio la Ijumaa mara mbili na madukani mara tatu. Siti sikumpata, kama nilivyoonywa. Katika duka moja la ndani nilimwonesha mzee mwenye duka kile kipande, akakipokea kwa kingo, kwa ncha za vidole, bila kugusa mifereji, nikajua nipo kwa mtu anayeijua kazi. Alikisogeza dirishani, akakitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwamba alipokuwa kijana alikuwa akisikia habari za santuri za Afrika, na kwamba zote zilikwenda kwa wenyewe.

Kwake nilinunua HMV 102, baada ya kupiga magoti na kukagua kila skrubu, pamoja na kopo la sindano lenye picha ya mbwa na santuri nne za ghazali. Niligonga kumi na moja ili nipate hizo nne. Zote zimefika nzima, mapajani mwangu. Mashine nimeiweka mezani na sijaigusa. Naomba kuelekezwa: niitie ufunguo sasa nisikilize, au kuna la kufanya kwanza?

Kabati la Kibokoni

Hongera sana, na shukuru kwa afya ya mzee. Usiitie ufunguo. Grisi ya ndani ya springi huganda kwa miaka, na springi iliyoganda ikilazimishwa hukatika. Mpelekee fundi anayeweza kuifungua, aioshe, aitie grisi mpya, na amwombe mwenye maduka ya mpira akukatie pete laini za kichwa cha sindano, kwani za asili zitakuwa zimekuwa ngumu kama mfupa. Baada ya hapo, sindano moja kwa upande mmoja wa santuri, kisha uitupe, hata kama inaonekana bado ni kali.

Kuhusu zile tarakimu tatu, ninazo santuri mbili za Siti ambazo namba zake zinaweza kuwa hiyo. Njoo Mombasa na kipande chako katika kanga ile ile, tuviweke mezani pamoja, tulinganishe maandishi na umbo la namba. Ikiwa ni mojawapo, mashine yako itakuwa imekwisha tengenezwa, nasi tutaisikiliza humo.